Mvua ya Tatu

Jamani, mtu katoka kwao kavuka bahari, kalala Dar, kapanda basi mpaka Tunduma, kapanda Noah mpaka hapa Itumba, Ileje, kafika kwangu saa nane mchana vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na jambo la kwanza alilofanya ni kunifungia bomba. Hajakaa. Hajanisalimia vizuri. Tumekumbatiana pale mlangoni, mimi nalia, yeye analia, halafu nikaona macho yake yanakimbilia uani, akaniachia, akavuka uwanja na mkoba wake begani, akalikaba lile bomba mpaka likanyamaza. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bomba letu ni la maji ya mserereko, yanatoka kwenye chemchemi huko juu mlimani yanateremka yenyewe usiku na mchana. Mimi naliwekea ndoo, ndoo ikijaa maji yanamwagikia magimbi, magimbi yanafurahi. Sidhani kama nimelifunga tangu mwaka jana. "Zahara," nikamwambia, "liache hilo mwanangu, kwetu maji hayafungwi." Akasema, "Dada Sekela, nisamehe, masikio yangu hayawezi. Nasikia kama mtu anavuja damu."

Zahara huyu nilimlea mwaka mmoja tu, kule kwao Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Wangazija. Nilimwacha ana miaka tisa, meno mapya makubwa kuliko mdomo, ana maneno kama kasuku. Sasa ni mama mtu mzima, anakuja mwenyewe Tunduma kununua maharage na mchele wa kupakia melini. Safari hii kamwuliza kila muuza maharage pale sokoni: mnamjua Sekela aliyewahi kuishi visiwani? Nani asiyenijua mimi Tunduma? Nimepika pale miaka mingapi, hata Wazambia wakivuka mpaka walikuwa wananiita bamayo, yaani mama. Basi wakamwelekeza. Nami nilipopigiwa simu kwamba anakuja, nilimwita jirani yangu Baba Hamisi aje anichinjie jogoo, maana Zahara ni Mwislamu na mimi ni mtu wa kwaya, sikutaka mgeni wangu ale kwa wasiwasi. Nikapika ndizi na maharage, nikapika na jogoo, nikatandika mkeka mpya. Furaha niliyokuwa nayo, ungenigusa ningelia kama ngoma.

Tukala, tunaulizana habari za watu, huyu kaolewa, yule kafa, mpaka nikafika kwa mama yake. "Na Bi Mwanaesha mzima?" Zahara akaliweka tonge chini. "Mama yupo, dada. Lakini amekuwa Koko." Koko kwao ni bibi, na Koko aliyemsema ni bibi yake, mama wa mama yake. Nikauliza, "Amekuwaje Koko?" Akasema, "Kichwa kinaondoka. Mwezi uliopita mfuniko wa birika ulikutwa wazi, paka katumbukia kafia humo, maji yote ya nyumba yakaharibika. Nikamnyang'anya funguo. Sasa anashinda mlangoni, hasemi na mtu, kama Koko alivyoshinda. Iko kwenye damu yetu, dada. Wanawake wa kwetu wakifika umri fulani, akili zinakwenda na maji. Hata mimi nikisahau nilikoweka miwani, naogopa." Akaendelea kula. Mimi nikaacha kula. Kwa sababu Koko hakuwa na ugonjwa wowote wa kichwa. Ugonjwa wa Koko ulikuwa mimi.

Ngoja niwapeleke huko, mwone wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naosha vyombo kwenye hoteli ya ugali pale Tunduma karibu na mpaka. Bi Mwanaesha akija kununua maharage alikuwa anakula pale. Siku moja akanitazama ninavyosugua sufuria, akasema, "Wewe una mikono. Twende ukanisaidie nyumba." Nikaenda. Watu huniuliza uliwezaje, na jibu ni kwamba sikuwa nimewahi kuona bahari, basi. Tulipanda meli ya mizigo, sisi na maharage na ng'ombe, ng'ombe wanatapika na mimi natapika, na asubuhi ya siku ya tatu nikaona mlima umekaa juu ya maji. Si kisiwa chenye mlima, hapana. Mlima wenyewe ndio kisiwa. Unaitwa Kartala, kichwa chake kiko kwenye mawingu wakati wote, na tumboni una moto. Kutoka juu mpaka baharini yameteremka mawe meusi kama chungu kilichoungulia, mengine yamekunjana kama uji uliofurika ukagandia jikoni. Nyumba zimejengwa kwa mawe hayo, kuta za mashamba ni mawe hayo, watoto wanacheza juu ya mawe hayo pekupeku. Halafu katikati ya weusi wote ule unakuta kipande cha mchanga mweupe, unaumiza macho, na Wazungu wamelala juu yake kama mahindi yaliyoanikwa. Nikamwuliza Bi Mwanaesha hao wana nini. "Wamekuja kupumzika." "Wamechoka na nini?" "Sijui," akasema, "hawasemi."

Asubuhi yangu ya kwanza nilijifunga nguo chafu mgongoni nikauliza mto uko wapi nikafue. Nyumba nzima ikacheka. Mtu wa Ileje, jamani, mimi nimezaliwa kila bonde lina mto, nitajuaje kama kuna nchi ya kijani vile haina mto? Na kijani kweli, minazi, mishelisheli, vanila zimepanda juu ya miti kama nyoka, na yale maua ya langilangi ambayo asubuhi yakinukia unaona kama mtu mwenye harusi amepita. Bi Mwanaesha akanieleza: "Mvua huku inanyesha kuliko kwenu, Sekela. Lakini mlima unainywa. Jiwe letu lina matundu kama mkate, maji yakigusa chini yamekwenda." Kwa hiyo maji yao ni yale tu yanayodakwa hewani kabla hayajagusa ardhi. Yanatua kwenye bati, yanapita kwenye mfereji, yanaingia kwenye bomba, yanatumbukia kwenye birika. Mimi birika nilijua la chai. La kwao ni tangi la mawe na chokaa, limezikwa nusu uani, kubwa kama chumba cha kulala watu sita, lina mfuniko wa chuma na kufuli. Wakati wa kaskazi, kunapokuwa na joto na mvua, linajaa. Wakati wa kusi, miezi ya ubaridi na upepo, unakunywa ulichoweka. Hakuna mahali pengine pa kuchota, isipokuwa visima vya pwani vya maji ya chumvi vuguvugu, ukinywa unazidi kuona kiu.

Na mwenye funguo alikuwa Koko. Kule nyumba ni ya mwanamke, mume anakuja kukaa kwa mkewe, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya Koko kwanza, Bi Mwanaesha baadaye, Zahara mwisho. Koko alikuwa mdogo wa mwili, miguu imevimba, anatembea kwa kushika ukuta, lakini akikutazama unajua umetazamwa. Kitanda chake kilikuwa dirishani, dirisha linaangalia birika. Funguo mbili, ya ghala la mchele na ya birika, alizifunga kwenye pindo la leso kiunoni, akiinuka zinalia. Asubuhi anafungua mfuniko, anatumbukiza fimbo yenye alama, anaitoa, anaangalia maji yamelowesha mpaka wapi, halafu anatangaza: leo ndoo nne. Ukisema tano anakutazama. Akisema neno kwa lugha yao mimi nasikia nusu, maana wanaongea kama mtu wa Kiswahili aliyetia kiazi cha moto mdomoni, lakini kwangu mimi alikuwa anajitahidi kuongea polepole. Aliniita mwana wa bara.

Jioni tukimenya ndizi alikuwa ananisimulia. Kwamba huko kaskazini kuna ziwa liko ndani ya shimo la mlima wa moto uliokufa, maji yake ya chumvi, hakuna ajuaye kina chake. Zamani palikuwa kijiji. Akaja mzee mmoja msafiri, kiu imemshika, akagonga nyumba ya kwanza kuomba maji, wakamnyima. Ya pili, wakamnyima. Akazunguka kijiji kizima. Mwanamke mmoja wa mwisho, maskini, ndiye aliyempa. Mzee akanywa, akamwambia mama beba watoto wako utoke. Akatoka. Alipogeuka nyuma, kijiji hakipo, maji yamejaa. Mimi nikamwambia Koko hata kwetu upande wa Rungwe liko ziwa kama hilo ndani ya mlima, linaitwa Ngozi, nalo watu wanaliogopa. Akafurahi sana kusikia, akasema, "Basi milima yetu ni ndugu." Halafu akasema, "Watu wote wale walizama kwa kikombe kimoja. Kaoshe vyombo, na usimwage." Sasa hivi nikikumbuka sauti ile huku bomba langu linamwagikia magimbi, naona haya kidogo, halafu nacheka, halafu naona haya tena.

Kusi lilipokuwa limekomaa, huo mwezi wa tatu bila tone la mvua, mlima ukaanza. Kwanza ilikuwa harufu, mayai viza, unaisikia mpaka kwenye shuka. Halafu jioni moja vikombe vikagongana kabatini peke yao. Nikapiga kelele, nikamwita Yesu na mama yangu kwa pamoja. Koko akasema, "Anageuka tu. Ubavu umemuuma." Lakini kesho yake saa nne asubuhi kukaingia giza. Kuku wakapanda kulala. Ukasikika mngurumo, si wa angani, wa miguuni, unaupata kwenye magoti kabla ya masikio. Na majivu yakaanza kushuka, laini, ya kijivu, hayana sauti kabisa, hilo ndilo lililoniogopesha, kitu kikubwa vile kinaanguka kimya kama mtu anayepepeta unga juu yako. Watu wanakimbia huku na huku wamejitanda nguo usoni. Koko hakukimbia. Alisimama mlangoni kashika ukuta, akapiga kelele moja: "Bomba! Zibeni bomba!" Akairarua leso yake mwenyewe kati, akamtupia Bi Mwanaesha, naye akapanda juu ya kinu akaipachika kwenye mdomo wa bomba, ile nusu leso yenye maua mekundu, akaishindilia mpaka ikakaza.

Jioni majivu yalipotulia, bati limekuwa kama mtu kalianikia unga wa ulezi, Koko alituita wote. Akanitazama mimi. "Sikiliza, mwana wa bara. Mvua ya kwanza inaosha anga. Ya pili inaosha paa. Ya tatu ndiyo ya kunywa. Hiyo leso haitoki mpaka nitakaposema mimi. Majivu yale ni sumu, yakiingia birikani hatuna maji. Umesikia?" "Nimesikia, Koko." Nilisikia kweli. Sitawadanganya hapa uzeeni kwamba sikuelewa lugha.

Basi tukakaa tunangoja, na kungoja kule sikutakii wewe. Watu wa mlimani walishuka na magodoro, kwetu wakaingia saba, tukawa kumi na watano kwenye birika la fimbo alama mbili. Kila mtu mzigo wake umefungwa uko mlangoni, maana hakuna anayejua kama mlima utabakia kwenye majivu au utamwaga moto. Koko akawa anatangaza ndoo mbili. Kuosha uso kikombe kimoja watu watatu. Zahara midomo ilipasuka, akawa analamba ukuta wa birika asubuhi ukiwa na umande, nilimkuta mara mbili. Mtoto mchanga wa wale wageni alilia mpaka sauti ikaisha, mama yake anamtikisa tu. Nami kila nikilala naota mto wa kwetu, naingia mpaka kiunoni, naamka mdomo umekauka.

Halafu ikaja Ijumaa. Wanaume wako msikitini, Bi Mwanaesha kaenda na Zahara kumwona mgonjwa mtaa wa pili, wageni wameenda kisimani pwani. Koko amejilaza. Niko uani peke yangu napepeta mchele, nikasikia tone la kwanza kwenye bati. Pa. La pili. Nikainuka. Mara mvua ikamwagika, mvua ya matone makubwa kabisa, ya kunyoosha nywele! Na ile leso imeziba bomba, na maji yanafurika kwenye mfereji yanaanguka uwanjani, jiwe linayanywa, yanakwenda, yanakwenda, na sisi watu kumi na watano tuna kiu. Sasa mnielewe. Kwetu Ileje, bibi yangu mzaa mama alikuwa akisikia mvua ya kwanza anatufukuza wote nje na vyombo, sufuria, vibuyu, hata vikombe. Alikuwa anasema mvua ya kwanza ni mgeni, ukimfungia mlango anahamia kwa jirani, na jirani yetu ni Malawi ng'ambo ya mto, mwaka mzima utawasikia wanaimba. Kuikatalia mvua ya kwanza kwetu ni kujilaani. Na hii nilikuwa naitazama inakataliwa. Nilimkumbuka Koko, nakiri. Nikajiambia, ni mwanamke mzee tu anaogopa vumbi. Nikapanda kinu, nikavuta leso.

Maji yaliingia birikani kwa kishindo, na mimi nikaruka chini nikacheza. Nilicheza peke yangu kwenye mvua, nikaimba. Nikainua mikono juu ninawe. Ndipo nikaiona mikono yangu. Kijivu mpaka kwenye viwiko, na inawasha. Nikatazama mfereji: yanayoshuka si maji, ni uji, mzito, wa kijivu, unanuka kiberiti. Nikapanda tena mbio, nimeteleza nikachuna goti, alama ninayo mpaka leo, nikairudisha leso nikaishindilia. Mvua nayo ikakata, kama ilikuja kwa ajili yangu tu. Yote hayo hayakuchukua muda wa kusonga ugali.

Bi Mwanaesha alirudi anacheka, "Imenyesha, imenyesha, moja imepita, zimebaki mbili!" Akachukua funguo kwa Koko, akafungua achote maji ya jioni. Akainama. Akabaki ameinama. Akachota kwa kiganja, akanusa, akatema. Sijawahi kusikia mwanamke akiongea taratibu vile. "Nani ametoa leso?" Akaitwa Mjomba, kaka yake Bi Mwanaesha, maana kule mwenye kusema nyumbani si mume, ni mjomba. Akakaa kwenye kiti kikubwa, watu wamejaa chumba, nje kidogo wale wageni wa mlimani, yule mtoto mchanga analia. Mimi nimesimama mlangoni na sinia la vikombe vitupu, vinagongana kama siku ile ya mlima, nikavibana na kidevu. Mjomba akasema, "Kama ni mtoto, achapwe. Kama ni huyu msichana wa bara, meli ya ng'ombe inaondoka Jumapili, akalale bandarini aisubiri, ndani ya nyumba hii asilale tena." Nikafungua mdomo. Wallahi ningesema, au nadhani ningesema. Miaka yote hii najiuliza kama ningesema.

"Ni mimi," Koko akasema kutoka kitandani.

"Mama?"

"Nilidhani ni ya tatu."

"Mama, hii ni ya kwanza. Haijanyesha tangu majivu."

"Basi nilidhani ni ya tatu."

Watu wakatazamana juu ya kichwa cha Koko. Mjomba hakufoka. Afadhali angefoka. Aliinuka, akaenda mpaka kitandani, akakunjua kiganja. "Nipe funguo, mama." Koko akahangaika na lile fundo la leso, vidole vimekataa, akalifungua kwa meno. Funguo zikalia kwenye mkono wa mwanawe, naye akampa Bi Mwanaesha. Ndipo Zahara, nyuma ya mlango, akacheka. Kesho yake alikuwa ameshatunga wimbo, Koko hii ya ngapi, Koko hii ya ngapi, na kila tone likidondoka watoto wa mtaa mzima wanamwimbia dirishani.

Birika likakombwa na ndoo siku tatu. Sisi tukaenda kuombaomba. Mimi na Zahara tulitembea mpaka kwenye hoteli ya watalii, mlango wa jikoni, mpishi mmoja akatujazia madumu mawili. Kupitia uzio nikawaona Wazungu wameingia ndani ya maji, maji matamu, ya buluu, wanarushiana. Zahara akaniuliza, "Wanakunywa mangapi hao?" Nikamtwika dumu lake. Njiani kurudi dumu liko kichwani, akaanza ule wimbo wake, na mimi nikamwambia acha. Kwa nini? Acha tu. Hapo ndipo ningemwambia.

Koko aliniita siku ya nne. Tulikuwa tunamenya ndizi kama kawaida, wote wametoka. Akasema bila kuniangalia, "Goti linapona?" Kisu kikaniponyoka. "Nilikuona dirishani. Nilikuita. Bati lilininyima sauti." Nikaanguka miguuni kwake, nalia, nasema nitawaambia, Koko, jioni hii nitawaambia. Akanishika kichwa kwa mkono wenye utomvu wa ndizi. "Nyamaza. Sikiliza. Mwenye nyumba akikosea, ananyang'anywa funguo. Mtumishi akikosea, ananyang'anywa paa. Funguo na paa si sawa. Ukisema leo, utalala bandarini na mimi nitakuwa nimeaibika bure. Utasema siku utakapokuwa na nyumba ambayo hakuna wa kukutoa." Halafu akasema menya, ndizi zinakuwa nyeusi.

Mlima ulinyamaza, mvua tatu zikaja, kaskazi likaingia. Mwaka ulipoisha nikarudi na meli. Siku ya kuondoka Koko alikuwa mlangoni, na mkono wake kila mara unakwenda kiunoni kwenye pindo la leso, unapapasa, haukuti kitu, unarudi. Miaka miwili baadaye nikasomewa barua kwamba amefariki, na barua ikasema, maskini, alikuwa ameshapotea kichwa. Sasa nyumba hii mnayoiona nimeijenga mwenyewe kwa sahani za ugali, bati jipya, hati ina jina langu, nimelala humu miaka kumi na nane. Hakuna wa kunitoa. Na sikusema. Nilikuwa najiambia sina namba yao, wako mbali, mambo yamepita. Mtu ana visingizio kuliko nywele.

Nilimwambia Zahara pale pale kwenye mkeka, mikono yote miwili ina mchuzi. Sikupamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa, akatoka nje. Nikamkuta kasimama karibu na bomba, kanipa mgongo. "Ule wimbo niliutunga mimi," akasema. Nikasema, "Najua." "Nilimwimbia mpaka anakufa, dada. Nikiwa na miaka kumi na moja namwimbia mtu anayekufa. Na wewe ulikuwa unasikia." "Nilikuwa nasikia." Hakulia. Jogoo wangu analala kwenye sahani. Kule stendi Noah ya mwisho ya Tunduma ikapiga honi kuita abiria, naye akauchukua mkoba wake, akautia begani, nikajua nimempoteza ndani ya saa tatu tu za kumpata. Sikumzuia. Ningemzuia kwa mdomo gani?

Akatia mkono mkobani akatoa simu. "Siondoki," akasema. "Mwambie mama."

Ikaita, ikaonyesha dari, ikaonyesha paji la uso, halafu Bi Mwanaesha mwenyewe, amezeeka, kitambaa kichwani, macho yale yale. Hakunitambua mpaka nilipocheka. "We msugua sufuria!" akasema. Nami sikumpa nafasi ya salamu, maana ningemwachia ningekimbia tena. "Mama, leso ya bomba niliitoa mimi. Koko hakuitoa. Aliniona, akanificha. Hakuwahi kupoteza kichwa hata siku moja."

Nikadhani mtandao umekatika, uso umeganda kabisa. Halafu nikaona mdomo unatetemeka. "Mama yangu," akasema taratibu, ile sauti ya siku ya birika, "hakuwahi kukosea mvua maishani mwake. Nilijua. Kila mwaka nilikuwa najiambia, mama anajua kuhesabu mpaka tatu. Halafu nikanyamaza, maana funguo nilizipenda." Akajifuta kwa ncha ya kitambaa. "Zahara yupo hapo?"

"Nipo, mama."

"Ule mfuniko paka alipoingia. Uliuliza nani kauacha wazi, au ulinitazama mimi tu?"

Zahara akatazama chini, akanitazama mimi.

"Nimekuuliza."

"Nilikutazama wewe tu, mama."

"Basi nataka funguo zangu."

Zahara akafungua mkoba. Mwenzenu nilidhani anatafuta leso ya kujifuta. Akatoa funguo mbili kwenye kamba nyeusi. Ya birika kaacha ya akiba kwa mdogo wake, hizi za mama yake kazibeba mwenyewe, kavuka nazo bahari, kalala nazo Dar, kaja nazo mpaka Itumba, zisije zikamwangukia mama yake mikononi yeye akiwa safarini.

"Ziinue nizione," Bi Mwanaesha akasema.

Zahara akaziinua mbele ya simu. Stendi ile Noah ikapiga honi ya mwisho, ikaondoka, hakuna aliyegeuka. Zilikuwa zinalia mkononi mwake kama zilivyokuwa zinalia kiunoni mwa Koko akiinuka.